Wimbo Ukikatika Nyuma, Mbele Punguzeni

Kuanzisha klabu ya jogingi Dar es Salaam ni kazi ya wiki moja. Mnahitaji majirani sita au saba, kona ambayo kila mtu anaijua, na mmoja wenu mwenye sauti ya kuanzisha wimbo. Jumamosi ya kwanza mnatoka Mtoni hadi Uwanja wa Mkapa na kurudi. Ya pili mmeongezeka. Ya tatu mtu ameshaleta mchoro wa fulana, na ubishi wa rangi unachukua muda mrefu kuliko mazoezi yenyewe. Nimeona klabu nyingi zikifika hapo, na nyingi zikafa kabla fulana hazijapauka. Haziuawi na uvivu, kama watu wanavyopenda kusema. Huuawa na mwendo unaowafaa vijana wachache, na fedha zisizo na maelezo, na kalenda iliyojaa shughuli za watu wengine. Makala haya ni kwa katibu, kepteni na mhazini wa klabu ya aina hiyo, wale wanaoamka kabla ya wenzao.

Mwendo kwanza. Waliosoma shule za msingi hapa nchini wanaujua mchakamchaka wa asubuhi kabla ya kwenda mstarini, na waliopita Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) wanaujua zaidi. Kiongozi anatupa mstari, kundi linaitikia, miguu inafuata. Klabu zetu zimeurithi wimbo huo zikauchukulia kama shamrashamra tu, ilhali ni kipimo cha pumzi kisichohitaji saa ya mkononi wala betri. Anayeitikia mstari mzima kwa raha yuko kwenye mwendo wa wastani, ule ambao Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima aufanye dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Anayeitikia nusu amevuka. Aliyenyamaza kabisa, ama hajui maneno ama amezidiwa, na kiongozi mzoefu hutambua tofauti bila kugeuza shingo.

Kwa hiyo mwondoeni mwimbishaji mbele. Mbele anaimba akiwa na miguu mepesi na kundi la vijana wanaomfuata, nyuma hasikiki, naye hawasikii wa nyuma. Akae katikati. Itikio la nyuma likififia, anawapigia kelele wa mbele wapunguze, nao wanapunguza bila mjadala. Na nyuma kabisa awepo mfunga msafara, mtu mwenye nguvu kweli, asiyekimbia kwa ajili yake siku hiyo, mwenye simu iliyojaa chaji na fedha kidogo ya nauli. Kazi hii izunguke. Mkimpa mtu mmoja kila wiki kwa sababu ni mpole, baada ya miezi miwili mtampoteza.

Najua ugumu wake. Tangu Alphonce Simbu atwae dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia Tokyo Septemba 2025, vijana wameongeza moto. Lakini Simbu alikwenda saa 2:09:48, yaani dakika tatu na sekunde kama tano kwa kila kilomita, na hakuwa akitoka Mbagala kwenda kunywa supu. Wenye haja ya kasi wapeni siku yao, Jumanne au Alhamisi jioni, wakimbie wanavyotaka. Jumamosi ni ya wote. Kwenye mabonanza washereheshaji hawaishi kumtaja John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia goti kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 na bado akaimaliza, wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Tunampigia makofi, halafu Jumamosi inayofuata wa mwisho wetu tunamwacha Tazara atafute daladala.

Mgeni anayekuja akiwa na miaka arobaini na mitano na tumbo la ofisini asiingizwe kwenye kundi la kilomita kumi kwa kuonewa aibu. Aanze kwa kukimbia dakika moja na kutembea mbili, kwa nusu saa, mara tatu kwa wiki, akiongeza dakika za kukimbia taratibu hadi baada ya wiki nane hivi aweze kwenda nusu saa bila kusimama. Na kuna mbinu ndogo inayofanya kazi kuliko hotuba yoyote: kundi la watembeaji litoke nusu saa kabla ya wakimbiaji, ili wote wafike uwanjani kwa pamoja na wajinyooshe pamoja. Mtu anayefika wakati wenzake wameshakunywa maji na kuvaa makoti harudi mara ya nne.

Kabla ya kumkimbiza mgeni huyo, pimeni presha yake. Muuguzi wa zahanati ya mtaa mara nyingi hukubali kuja na mashine mara moja kwa mwezi, hasa mkimwandikia barua mganga mfawidhi badala ya kumvizia getini. Mwenye 180 au zaidi ya juu, au 110 au zaidi ya chini, asikimbie mpaka amwone daktari. Anayesikia kifua kubana akipanda mlima, vilevile. Kuweni na daftari, lakini majibu ya mtu yabaki ya mtu. Yasisomwe kwenye grupu la WhatsApp.

Viatu vina mazungumzo yake. Wengi wetu tunakimbilia raba za mtumba, za Karume au za mzigo uliofika Tandika, na hakuna aibu humo. Raba nzuri ya mtumba inaishinda mpya ya bei rahisi iliyotengenezwa kwa maonyesho. Ila ichunguzeni. Ikunjeni: inapaswa kujikunja penye vidole, si katikati ya wayo. Bonyezeni sponji ya ubavuni kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao au ina mikunjo mingi iliyoshikana, imekwisha, hata kama juu inang'aa. Wekeni jozi juu ya meza mziangalie kwa nyuma, kwa sababu kiatu kilicholalia upande mmoja kitakupa mwendo wa mwenye kiatu wa kwanza, goti lake pamoja na maradhi yake. Na nuseni gundi. Soli iliyobandikwa jana hubanduka kilomita ya nne.

Saa ya kuanza hupangwa kwa mazoea, na mazoea yanadanganya. Dar jua huchomoza kabla ya saa kumi na mbili mwezi Novemba, lakini Julai linangoja mpaka saa kumi na mbili na nusu na zaidi. Klabu inayotoka saa kumi na moja na nusu mwaka mzima inakimbia gizani karibu saa nzima wakati wa kipupwe, kwenye Barabara ya Kilwa, pamoja na malori. Ama sogezeni saa, ama nunueni vizibao vya kuakisi mwanga, vile wanavyovaa bodaboda. Vya watu wa mbele na wa nyuma vinatosha kuanzia. Palipo na njia ya waenda kwa miguu, tumieni hiyo. Pasipo na njia, wachache wakimbie upande wa kulia, wakiyatazama magari yanayokuja. Kundi kubwa linalotaka kushika barabara, lenye ngoma na tarumbeta, liwe na ruhusa na askari wa usalama barabarani.

Na ngoma zenyewe zina mipaka. Karibu na msikiti wakati wa adhana, nyamazeni. Karibu na hospitali, nyamazeni. Penye turubai la msiba tembeeni kabisa, na mmoja wenu aingie kutoa pole. Mwezi wa Ramadhani hamishieni mazoezi jioni kabla ya futari, mepesi, au baada ya tarawehe, na msiwatangazie waliofunga kuwa wamekosa nidhamu. Mkikimbia Jumapili, malizeni mapema kiasi cha mtu kuwahi ibada. Klabu iliyozozana juu ya siku za dini huwa imezozana kwa sababu hakuna aliyewauliza watu kabla ya kupanga.

Wanawake wakipungua kwenye klabu yenu, msiwaulize kwa nini wavivu. Angalieni wanapobadilishia nguo. Angalieni kama njia inapita penye kijiwe cha matusi. Angalieni ni nani anayempa dada kijana lifti ya kurudi na kama anapenda. Nafasi ya makamu kepteni iwe ya mwanamke, yenye madaraka ya kubadili njia bila kuomba idhini, na malalamiko ya kushikwashikwa yapelekwe kwake na kwa mwingine mmoja, si kwenye kikao cha watu arobaini. Mhusika asimamishwe siku hiyohiyo wakati suala linasikilizwa. Klabu inayosema "tuyamalize kifamilia" imeshachagua upande.

Sasa fedha, ambazo ndizo makaburi ya klabu nyingi.

Ugomvi wa kwanza kwa kawaida ni fulana. Watu thelathini wanasema "niandike", kepteni anaagiza thelathini, kumi na wanane wanalipa, na kepteni anabaki na mzigo chumbani na deni kwa fundi. Dawa ni kanuni moja isiyo na ndugu: hakuna kuandikwa bila kulipa. Atakayelipa baadaye atasubiri oda ijayo, hata akiwa mwenyekiti.

Ugomvi wa pili ni kuchanganya mifuko. Ada ya mwezi ni ya maji, barafu, dawa ya kuchua na mambo ya klabu. Mfuko wa rambirambi ni wa rambirambi. Mchango wa tukio, kama safari ya mashindano, huanza na kuisha na tukio lake, na kinachobaki hurudishwa au hupigiwa kura. Mhazini akiwa na kapu moja, kila senti inayotoka inamkera aliyeitoa kwa jambo lingine, na hata akiwa mwaminifu kama mawe ataitwa mwizi. Kila mwisho wa mwezi aweke kwenye grupu mistari mitano: tulikuwa na kiasi gani, kimeingia nini, kimetoka nini, kimebaki nini, nani anadaiwa. Mistari mitano tu. Hesabu ya kurasa nne haisomwi, na isiyosomwa haimkingi mtu.

Michango isiingie kwenye namba binafsi ya mtu yeyote, hata mzee wa klabu anayeheshimika. Kuna akaunti za vikundi kwenye benki na kwenye simu, kama M-Koba, ambazo fedha haitoki mpaka zaidi ya mtu mmoja wakubali. Benki itawadai katiba na usajili. Hapo ndipo usajili unapoacha kuwa urasimu: klabu za michezo husajiliwa kwa Msajili wa Vyama vya Michezo, chini ya sheria iliyounda Baraza la Michezo la Taifa mwaka 1967, na mlango wa kuanzia ni afisa michezo wa halmashauri yenu. Nendeni na rasimu ya katiba na orodha ya wanachama, na muulizeni anachohitaji kabla ya kulipia chochote kwa mtu wa kati.

Kuhusu misiba, andikeni mapema nani anahesabiwa: mwanachama mwenyewe, mwenza, mtoto, mzazi. Andikeni kiasi. Huruma isiyo na kanuni hufuata umaarufu. Anayejulikana sana akifiwa na binamu hukusanyiwa laki kadhaa, na mama muuza vitumbua anayekimbia nyuma kimya akifiwa na mumewe hupewa emoji za machozi. Hakuna kinachovunja klabu kwa ukimya kama hicho, maana aliyeumizwa halalamiki, anaacha kuja.

Bonanza nalo ni deni. Klabu kumi zikija kwenye maadhimisho yenu, mmejifunga Jumamosi kumi za kwenda kwao, kila moja na nauli yake, fulana yake na mchango wa mezani. Zipo klabu ambazo hazijafanya mazoezi kwenye mtaa wao kwa miezi. Kila wiki zimo kwenye basi zikienda kusherehekea mtu. Wekeni mwaliko mmoja kwa mwezi, na mwingine wowote uwakilishwe na watu watatu wenye barua nzuri na bahasha ndogo. Visiwani vikundi vya mazoezi hukutana kwa wingi tarehe 1 Januari, siku ya mazoezi ya kitaifa Zanzibar. Siku kama hiyo inafaa kusafiriwa kwa sababu inawakutanisha na wengi kwa nauli moja.

Hivyohivyo kwa mashindano. Chagueni moja kubwa kwa mwaka na mjiandae nalo kweli. Mkichagua Kilimanjaro Marathon ya Moshi, inayofanyika tangu 2003, jueni kuwa barabara ya kuelekea Mweka inapanda, na miguu ya Dar imezoea tambarare. Wiki za maandalizi hamieni vilima vya Chuo Kikuu Mlimani au mpande na kushuka Daraja la Nyerere Kigamboni. Lipieni namba mapema, wekeni malazi mapema, na asiyefikisha kilomita kumi na sita kwenye mazoezi ya Jumamosi ashauriwe kukimbia tano, akiwa na kazi ya kubeba mabegi na kushangilia. Mwambieni faragha, si mbele ya wenzake.

Mtu akianguka kwa joto, msimpakie kwenye bodaboda akiwa amelegea. Mpelekeni kivulini, mvueni fulana, mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea huku gari linatafutwa. Akiwa amechanganyikiwa au hajitambui, msimnyweshe kitu. Kwa kila njia mnayoitumia, katibu ajue kituo cha afya cha karibu na kama kinafungua saa hiyo. Si vyote vinavyofungua alfajiri.

Baada ya hayo ndipo mzungumzie kusaidia jamii, na hapa nina maneno makali kidogo. Ziara ya makao ya watoto yenye katoni za sabuni, bango la klabu na wapiga picha watatu imezoeleka mno. Kuna vituo vina sabuni ya mwaka mzima na havina ada ya umeme. Pigeni simu kwa msimamizi wiki mbili kabla, ulizeni anachokosa, na mkubali jibu hata likiwa halipigiki picha: bili, ukarabati wa choo, nauli ya mtoto wa kidato cha pili. Nyuso za watoto zisipigwe picha. Mkiweza kwenda kila robo mwaka na kidogo, ni bora kuliko mara moja na lori.

Linalofaa klabu ya wakimbiaji kuliko yote, kwa maoni yangu, ni damu. Mpango wa Taifa wa Damu Salama huchukua kwa mtu wa miaka 18 hadi 65 mwenye afya njema na uzito usiopungua kilo 50. Mwanamume anaweza kurudia baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne. Klabu ya watu hamsini wanaokutana kila wiki ni hazina ambayo hospitali haiwezi kuipata barabarani. Kubalianeni na timu yao waje uwanjani kwenu baada ya mazoezi mepesi, watu wakiwa wamekunywa chai na maji ya kutosha. Msipange mwezi wa kabla ya mashindano, kwa sababu chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa kurudi na pumzi itakuwa fupi. Saa ishirini na nne za kwanza aliyechangia asikimbie. Na kila mmoja atapata kujua kundi lake la damu. Katibu akiitunza orodha hiyo kwa siri na kwa ridhaa ya wenyewe, siku mwanachama akiwa wadi ya wazazi mtajua nani wa kuamsha.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi, ambayo nchi imeizoea kama siku ya usafi, kimbieni nusu ya kawaida na muda uliobaki safisheni mfereji mmoja kwenye njia yenu, hasa kabla ya masika. Zungumzeni kwanza na ofisi ya serikali ya mtaa kuhusu gari la taka. Nimeona viroba vilivyojazwa kwa jasho vikiachwa kando ya mfereji, mvua ikavirudisha vyote ndani.

Wanasiasa watakuja, klabu ni kura zilizovaa bukta. Mlezi ni mtu mzuri kuwa naye, na maji, turubai na usafiri wake vipokeeni kwa shukrani. Fulana yenye sura yake, hapana. Iandikeni hiyo kwenye katiba wakati hakuna uchaguzi, ili siku ikifika katibu aseme "mzee wangu, katiba hairuhusu", badala ya kuonekana amekataa mtu.

Mwisho ni uongozi kubadilika, na klabu chache hulipanga hilo. Miaka miwili inatosha kwa kepteni, hata yule anayependwa, kwani anayependwa ndiye huwamalizia wenzake hamu ya kujifunza kazi. Miezi mitatu kabla ya uchaguzi kila kiongozi awe na mtu anayetembea naye: mhazini amwonyeshe mwenzake benki, katibu amkabidhi nakala ya barua, kepteni amwache mwingine aongoze njia. Siku ya makabidhiano hesabu isomwe, daftari lisainiwe, na wasimamizi wa grupu la WhatsApp na majina ya wanaoidhinisha fedha yabadilishwe hapohapo, kabla watu hawajatawanyika kwenda kwenye supu.